Mvua Juu ya Sauti ya Modesta

Severin Kobelo ana miaka sabini na moja, na ukimkuta kibandani kwake Kilakala ameinamia redio ya mtu, msubiri aweke bisibisi chini ndipo umsalimie. Kabla ya hapo hajibu. Majirani wageni humwona ana maringo. Hana maringo yoyote, maskini. Kazi yake anaifanya kwa masikio, na kumsemesha wakati huo ni kama kumzimia taa fundi cherehani. Redio zenyewe siku hizi zimebaki za wazee, wale ambao misa ikitoka kwenye simu wanaona haijafika sawasawa.

Alizaliwa juu, milimani, nyumba ya mwisho kabla njia haijaingia msituni. Ufundi aliupata misheni, kwa bruda mmoja mfupi, mkali, aliyechukia vumbi kuliko shetani. Bruda ndiye aliyemwombea kazi Dar es Salaam, na kazi yenyewe haikuwa ya redio. Severin aliajiriwa kunasa sauti za sinema. Naam, sinema. Kilakala nzima hawana habari hiyo, na yeye hajawapa. Mtu aliyezunguka nchi na mashine begani, akanasa hotuba, ngoma, treni, mpaka viboko wa mtoni, ukutani kwake hana hata picha moja ya siku zile. Mkewe Josephina aliishi naye miaka thelathini, akafa hajaambiwa yote.

Sababu ipo, na msinikimbize, nitaifikia.

Mwaka jana, Jumatano moja asubuhi, simu yake ikaita. Sauti ya kijana, yenye heshima zake.

"Shikamoo, mzee Severin."

"Marahaba. Redio gani?"

"Siyo redio, mzee. Naitwa Petro, nafundisha sekondari hapa mjini. Tuna klabu yetu ya sinema, tunakutana Jumamosi mchana ukumbi wa parokia. Tumepata ile filamu ya marehemu Hatibu Mwinchande, Nyayo za Kinole. Majina yanapopita mwishoni nikaona: sauti, Severin Kobelo. Nikaulizia, nikaambiwa yuko hai, anatengeneza redio."

Huyo Hatibu, kwa msiomjua, alikuwa mwongozaji mkubwa. Ile filamu yake ya harusi iliyovunjika mara tatu, nani wa rika langu hajaicheka? Lakini Nyayo za Kinole ilikuwa nyingine kabisa. Ilikuwa filamu ya mauaji, ya kukutia roho juu, ameipiga huku kwetu Uluguru mwaka themanini na sita. Ilionyeshwa wiki mbili, ikafungiwa kabatini. Waliobaki wakiizungumzia ni wasomi, tena kwa sababu ya vituko vyake.

"Nitakuja," Severin akasema, alitaka yaishe.

"Kuna jambo jingine, mzee. Yule mwanamke aliyeigiza shahidi, Modesta, ana binti yake, anaitwa Winfrida, analima mboga Mlali. Aliona picha ya mama yake kwenye tangazo letu sokoni Mawenzi, akatua tenga akaanza kulia. Mama alifariki yeye ana miaka miwili. Uso anao sasa, kwenye tangazo. Sauti yake hajawahi kuisikia, na kwenye filamu haisikiki. Anauliza kama zile tepu za mwanzo zipo, zenye sauti yake mwenyewe. Nimemwambia, kama zipo duniani, ziko kwa mzee Severin."

Severin akajibu kwamba wataonana Jumamosi. Simu ikakatwa, naye akabaki na bisibisi mkononi, redio ya watu iko wazi mbele yake, mpaka mwenye redio akaja kuichukua na kukuta haijaguswa.

Tepu hazikuwepo. Hazikuwa zimeibwa, wala kuliwa na panya, wala kuungua na studio. Sauti ya Modesta ilifutwa, na aliyeifuta alikuwa Severin, kwa kidole chake hiki cha shahada. Hatibu peke yake ndiye aliyelijua hilo, na Hatibu alikuwa amelala makaburini Kisutu mwaka wa kumi na nne sasa. Angeweza kumpigia yule mwalimu akamwambia tepu zilipotea Dar, nani angembishia? Alhamisi alishika simu mara mbili akairudisha mfukoni. Ijumaa akajiambia anaumwa mgongo. Jumamosi akavaa koti lake la kanisani, akaenda.

Ukumbini walikuwa watu kama thelathini, wanafunzi wengi, viti vya plastiki, mapazia yamefungwa mchana kweupe. Petro alimpokea kwa mikono miwili, akamkalisha mbele. Kiti cha kando yake alikaa mwanamke wa makamo, kanga imefungwa juu ya gauni, viganja vipana vya mtu wa jembe.

"Shikamoo, baba. Mimi ndiye Winfrida."

"Marahaba, mwanangu."

Akataka kusema neno la pili, taa zikazimwa. Kwa muda ule Severin alimshukuru Mungu kwa umeme wa kuzimwa.

Filamu ikaanza. Mtu anauawa kwenye njia ya mlimani, wa kumwona muuaji ni mwanamke mmoja aliyekuwa anachuma mboga. Polisi wanamsaka shahidi, muuaji anamsaka shahidi, na mwanamke anakimbia kutoka shamba hadi shamba. Mwisho anawafikia polisi, anasimama uani juani, anaanza kusimulia alichoona, na ndipo penye kituko kikubwa. Kamera inamtazama dakika saba haikatiki. Midomo inasema, mikono inaeleza, machozi yanatoka. Sauti hakuna. Badala yake ni mvua, mvua tupu, nzito, wakati mbinguni hakuna wingu na kuku wamekimbilia kivulini. Anataja jina la muuaji, na hakuna anayelisikia. Polisi wanasimama, wanaondoka, filamu imekwisha.

Wakati wa dakika hizo saba Winfrida alisogea mpaka ukingoni mwa kiti. Alikuwa anaifuata ile midomo kwa midomo yake, kama watoto wanavyojifunza kusali. Severin aliangalia viatu vyake.

Taa zikawashwa, mazungumzo yakaanza, na wasomi bwana, wakipata kitu cha kutafuna hawakiachi. Petro alianza na kamera. Kwa nini nusu nzima ya filamu kamera iko chini, usawa wa kiuno? Mmoja akasema ni jicho la mtoto. Mwingine akasema hapana, ni jicho la mauti, kwa kuwa mauti hutoka ardhini. Wakabishana hapo kwa ustadi mkubwa. Severin alijua kuwa stendi ya kamera ilivunjika mguu siku ya tatu, na kuanzia hapo kamera iliwekwa juu ya sanduku la kabichi. Akajizuia.

Wakaja kwenye giza. Katikati ya filamu picha inatoweka kwa muda, kiza kitupu, kisha inarudi. Hapo palisemwa mengi kuhusu dhamiri. Ukweli ni kwamba kipande kile cha filamu kiliingiwa na mwanga wakati wa kusafirishwa na Hatibu hakuwa na kingine cha kuziba. Mzee mmoja nyuma aliyekuwa amekuja kwa ajili ya chai akasema labda umeme ulikatika, wakamcheka, na ndiye aliyekuwa karibu kuliko wote.

Kisha ikafika mvua. Dada mmoja wa chuo, Shadia, alisimama na daftari lake.

"Mimi naona hapa ndipo Hatibu alipowazidi wote," akasema. "Mwanamke wa kijijini ana ushahidi, anausema, na dunia haimsikii. Siyo kwamba hana sauti. Amefunikwa. Hata hiyo mvua yenyewe isikilizeni, haipo mbali, inagonga kitu karibu kabisa na sikio, kitu kipana. Ni kama mtu ameshika kitu juu yetu makusudi ili tusisikie."

Wakampigia makofi. Severin akafungua kifungo cha koti. Msichana wa watu alikuwa ameingia kwa dirisha, lakini nyumba ilikuwa hiyo hiyo.

"Sasa bahati tunayo," Petro akasema. "Mwenye sauti zake yuko hapa. Mzee Severin, tusaidie. Hatibu alikuwa na mawazo gani kuweka mvua pale? Na tena, mzee, zile tepu za mwanzo, dada Winfrida amekuja kwa ajili ya hizo."

 Severin akainuka, akashika mgongo wa kiti. Hakumtazama Petro. Aligeuka upande wa Winfrida, na alipoanza kusema alisema naye peke yake.

"Mwanangu, tepu haipo. Niliifuta mimi."

Winfrida akaikaza kanga yake kiunoni.

"Tulipanda huko juu na rili saba za tepu. Miaka ile sukari tulipanga foleni, sabuni tulipanga foleni. Tepu za kunasia hata foleni yake haikuwepo. Na sauti ya porini ilikuwa ya kukumbushia tu. Waigizaji wangeitwa Dar baadaye, waingie studio, wajitazame ukutani wayaseme upya maneno yale yale. Ndivyo tulivyofanya kazi. Kwa hiyo rili ikishakumbushia unaweza kuifuta, unanasia kitu kingine. Kwenye filamu za nyuma nilishafuta wengi kabla ya mama yako, na walirudia wote."

Akaushika vizuri mgongo wa kiti.

"Hatibu alikuwa anaisubiri mvua, wiki mbili, kwa ajili ya yale mauaji ya njiani. Siku ya mwisho tunafunga mizigo, ikaja. Ile ya kwetu, inaanza juu msituni unaisikia inashuka mpaka ikufikie. Rili zote zimejaa. Nikajiuliza nifute ipi. Wale wengine walikuwa watu wa Dar, kila mmoja na safari zake, huyu yuko Tanga, huyu yuko Mwanza. Mama yako alikuwa mkulima wa pale pale. Nikasema moyoni, Modesta yupo, hana pa kwenda. Mvua ndiyo itakayoondoka. Nikachukua ya kwake."

Shadia alikuwa bado amesimama. Akakaa taratibu.

"Na yeye mwenyewe alikuwa wapi?" Winfrida akauliza.

Hilo Severin hakulitegemea. Alikuwa amepanga kuruka hapo.

"Alikuwa kando yangu. Mashine ilikuwa inalowa. Akakimbia akakata jani la mgomba, akaja akaishikia juu yake, kwa mikono miwili. Hiyo mvua wanayosema inagonga kitu karibu, inagonga jani la mama yako. Akaanza kuniuliza, kaka Severin, unanasa nini? Nikamwekea kidole mdomoni. Nikamwambia nyamaza, usiseme hata neno moja, utaniharibia. Akanyamaza. Alishika mpaka mikono ikawa inamtetemeka, wala hakukohoa."

"Kwa hiyo alitaka kusema."

"Alitaka."

"Na ulimwambia anyamaze."

"Nilimwambia, mwanangu."

Mtu alipiga chafya nyuma, akaomba radhi kwa sauti ya chini. Severin aliona afadhali amalize yote, maana akikaa hatainuka tena.

"Wiki ya tatu tukamtumia mtu aje Dar studio. Mjumbe akarudi peke yake. Malaria ilimpanda kichwani, siku nne tu, tayari wamezika. Hatibu akaniambia, basi tutatumia ile sauti ya porini, hata kama ina upepo, iweke nisikie. Nikaiweka, najua kilichomo. Ikatoka mvua. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Watu walimshauri atafute mwanamke mwingine wa kumtilia maneno mdomoni, akakataa katakata. Akasema iwekwe hiyo hiyo. Waandishi wakaja na kalamu zao wakamuuliza, akawajibu ndivyo alivyotaka, na kila mwaka akawajibu hivyo hivyo, akanifichia mpaka alipokufa. Mimi nikaacha kazi mwaka uleule. Nilisema nina mgonjwa nyumbani. Sikuwa na mgonjwa."

 Petro alikuwa anafungua na kufunga kifuniko cha kalamu. Wale waliokuwa wametoka kubishana juu ya jicho la mauti walikuwa wanaangalia sakafu, na sitawacheka, wangejuaje? Lakini ujana ni ujana. Kijana mmoja safu ya katikati akashindwa kujizuia.

"Samahani mzee. Sasa, muuaji alikuwa nani? Alitaja jina gani?"

Petro akamkata jicho. Severin lakini alijibu papo hapo, bila kufikiri, kama mtu aliyeulizwa jina la baba yake.

"Alimtaja mwenye lori. Anasema: nilimwona Yeremia mwenye lori, alikuwa amevaa shati la marehemu. Halafu anafuta machozi, anasema: alinisalimia, nami nikamwitikia, mpaka leo najuta kumwitikia."

Ukumbi ukavuma. Miaka karibu arobaini watu wameandika makaratasi juu ya jina hilo. Wengine walishasema ni padri, wengine ni mkuu wa polisi mwenyewe. Shadia aliandika haraka, kisha akaifunga kalamu, akawa kama ameona haya.

Winfrida alikuwa anamtazama mzee yule kwa namna mpya. Kuna kitu kilimjia usoni, na Severin alikitambua kabla hakijasemwa. Lilikuwa tumaini.

"Baba," akasema, "maneno unayakumbuka yote."

"Yote. Nilikuwa na hedfoni masikioni. Aliyasema mara nne."

"Basi na sauti unaijua. Ilikuwaje? Ilikuwa nene? Nyembamba? Watu wa nyumbani kwetu wengine wanavuta maneno, yeye alivuta? Bibi aliwahi kuniambia alikuwa akiita mbuzi wanasikia mpaka ng'ambo ya mto, lakini ilikuwaje hasa, bibi hakujua kueleza. Wewe kazi yako ni sauti. Niambie tu, kama yangu, au siyo kama yangu?"

Jamani, jibu lilikuwa pale pale, limetandikwa. Angesema, kama yako, mwanangu, kama yako kabisa. Nani angekwenda kupima? Mwanamke yule angerudi Mlali jioni ile anaongea njiani ili ajisikie. Ukumbi mzima ulikuwa unamsubiri aseme hivyo, na Petro alikuwa ameshaanza kutabasamu kwa ajili yake. Kwa kweli mimi ningesema.

Severin akafumba macho. Alikuwa mtu anayeweza kukwambia kwa kusikiliza tu ni waya gani umelegea ndani ya redio. Aliwakumbuka viboko, aliikumbuka treni ya Kilosa inavyopiga breki, alikumbuka kikohozi cha bruda. Akamtafuta Modesta. Akamwona, uani, juani, mdomo unafunguka. Akamsogelea mpaka karibu. Yale maneno manne matano akayapanga moja baada ya jingine, nilimwona Yeremia mwenye lori, akangoja yasemwe. Yakasemwa na mvua. Akaanza upya, ikawa mvua. Ile rili aliicheza mno studio, usiku na mchana, kuipachika sawasawa na midomo yake, mpaka sauti iliyokuwa chini yake ikafutika na kichwani mwake pia.

Akafumbua macho.

"Siikumbuki," akasema. "Ningekudanganya, lakini nimeshadanganya vya kutosha. Siikumbuki, Winfrida. Hata kidogo."

Winfrida aliitika kwa kichwa, mara mbili tatu, polepole, kama mtu anayeelekezwa njia ndefu. Hakukasirika, na kama angekasirika ingekuwa nafuu kwa mzee yule. Alivuta kanga akajifuta uso, akaikunja pindo, akaikunjua.

"Baba yangu alikufa nikiwa darasa la tano," akasema. "Bibi akafa mwaka wa mafuriko. Mama mdogo alikufa mwezi wa pili, nilikuwa nataka nimuulize yeye, nikachelewa. Ulikuwa umebaki wewe tu."